Vivuli Viwili vya Fundi Swedi

Wagonjwa wengi wakikiona kivuli chao kwa mara ya kwanza hulia, au huuliza kama watapona. Fundi Swedi Kijuu yeye aliinama hadi pua ikakaribia kioo, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akauliza, "Wewe umepimwa na nani?"

"Na Sista Paskalina," kivuli kikajibu.

Akanigeukia. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee."

"Siku ngapi?"

"Thelathini."

"Na kabla ya kuanza ulihakikisha kifaa kinasoma sifuri?"

Mungu wangu! Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, nimekaa na wakulima, walimu, hata jaji mmoja mstaafu, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za sifuri. Nikajibu ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Yeye akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye kioo kuendelea kujichunguza.

Kama hujawahi kufika kituo chetu cha figo hapa Kondoa, nikueleze kidogo, maana Fundi Swedi alinieleza mimi habari za mizani saa nzima na sikufa. Mgonjwa tunambandika kishikizi mkononi, kidogo tu, ukubwa wa kifungo cha koti. Kwa siku thelathini kinasoma sukari yake, presha yake, maji anayokunywa, usingizi wake, na kinasikiliza anavyoongea nyumbani kwake. Sisi wauguzi sauti hizo haturuhusiwi kuzisikia. Baada ya hapo mashine yetu inaijenga miili miwili ya mtu yule yule, inaitembeza miaka mitano mbele, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja umechagua mashine ya kusafisha damu kupitia mshipa wa mkono. Mwingine umechagua mrija wa tumboni na mifuko ya maji. Mgonjwa anakaa hapa kwenye kiti cha plastiki na kuviuliza vivuli hivyo viwili, kupitia kioo, maisha yalikuwaje.

Anaruhusiwa vikao vitatu. Siku ya kufa haiulizwi. Na kivuli kikigundulika kimetokana na kipimo chenye kasoro, kinafutwa kabla ya saa sita mchana wa kesho yake. Hiyo ndiyo sheria, nami ndiye niliyeibandika ukutani kwa gundi yangu mwenyewe.

Fundi Swedi alikuwa na miaka sitini na sita, kisukari miaka ishirini na miwili, na figo zilizobaki na asilimia nane. Zamani alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Alipostaafu hakutulia. Aliendelea kuzunguka minadani, Bereko, Kolo, Pahi, na sanduku lake la mawe ya shaba ya kupimia, kutengeneza mizani za wauza ufuta na alizeti. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuingia ganzi kwa sababu ya sukari, na macho ndiyo hayo ya miwani mbili. Lakini alitaka kuendelea kuzunguka. Alinitamkia waziwazi siku ya kwanza: "Sista, siogopi kufa kiasi hicho. Ninachoogopa ni kuwekwa mahali."

Tukaanza na kivuli cha mashine. Kilikuwa na uso wake, ila umesinyaa.

"Jumatatu, Jumatano, Ijumaa nakwenda Dodoma," kilisema. "Basi la umeme saa kumi na mbili, nafika, nalazwa, saa nne za kuchujwa. Sukari inashuka. Presha inashuka. Nimeshaanguka mara ishirini na sita."

"Ishirini na sita!" akasema Fundi. "Unahesabu?"

"Kwani wewe huhesabu?"

Fundi akacheka. Alikuwa amekipenda, naona.

"Mkono je?"

"Mishipa yangu ni mibovu, kisukari kimeila. Waliiunganisha mkononi mara mbili ndipo ikakubali. Nikirudi nyumbani nalala hadi kesho yake. Bereko sijafika mwaka wa tatu."

Kivuli cha tumbo kilikuwa kitu kingine kabisa. Uso umejaa, sauti ya mnadani. Kilieleza kwamba mrija uko pale chini ya kitovu, maji yanaingia tumboni, yanakaa, yanavuta uchafu kwenye damu, yanatolewa. Mifuko minne kwa siku. Maji yenyewe yana sukari ndani yake, ndiyo inayofanya kazi ya kuvuta, kwa hiyo insulini imeongezwa. Tumbo limeshika uchafu mara moja, kikalazwa siku tisa. Basi. "Jumamosi iliyopita nilikuwa Pahi," kikasema. "Wameleta mizani ya ajabu kweli, inapima kwa mwanga."

"Kwa mwanga!" Fundi Swedi aliruka kitini. "Inapimaje?"

"Sijui, mimi ni wewe. Nimesema tu inapima kwa mwanga."

Nilimaliza kikao nikiwa na furaha. Kamati ya tiba ingekaa Alhamisi, Daktari Lembris wetu wa figo angeuangalia mchoro wa vivuli viwili, angeona kimoja kinaanguka na kingine kinazunguka minadani, angeidhinisha tumbo, na Fundi angepata alichokitaka. Mambo mepesi. Nilijisifu kidogo, sikatai.

*

Jumanne alirudi na daftari. Alikuwa ameandika maswali arobaini na moja.

"Mzee, kwani unamhoji mwizi?"

"Sista, wewe ukinunua debe la ufuta, unaangalia debe tu au unaangalia na mizani?"

Akakaa. Akakifungua kivuli cha tumbo, na hakuuliza habari za mrija wala dawa. Aliuliza habari za kipuuzi kabisa. Unaamka saa ngapi. Unavaa kiatu gani kwanza. Mimi nilikuwa najaza fomu zangu pembeni, nasikia nusu tu.

"Leo umekula nini?" aliuliza.

"Leo nimekula daku tu. Ugali na maziwa ya mgando."

"Nakuuliza ya leo. Si ya Ramadhani."

"Leo ni Ramadhani."

Kalamu yangu ikasimama.

"Haya," Fundi akasema polepole. "Na miezi sita iliyopita ulikula nini mchana?"

"Sikula. Nilikuwa nimefunga."

"Na mwaka juzi?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Wewe bwana, Ramadhani ina siku ngapi?"

Kivuli kikafikiri. Hakikuwa na wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililonitisha. "Ishirini na tisa au thelathini," kikasema. "Lakini mwezi haujaandama bado. Tunasubiri."

Miaka mitano ya kufunga! Nikasimama, nikakizima kioo, nikamwangalia yule mzee kwa jicho ambalo mama yangu angelijua.

"Mzee Swedi. Ulifunga?"

Akavua miwani moja, akaifuta.

"Nilikuuliza! Siku ile nakubandika kishikizi, ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani, nikakuuliza, unafunga? Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu dini imemruhusu mgonjwa kula."

"Nami nikaandika hafungi!"

"Uliandika wewe."

Jamani. Nilitaka kumtupia fomu. Kila Ijumaa mchana wa mwezi ule alikuja hapa kuangaliwa kishikizi, nami nikampa chai isiyo na sukari, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanisimulia habari za mizani hadi chai ikapoa, akaniachia kikombe mezani na kuniambia asante mwanangu. Mimi mtu mzima, muuguzi, sikuangalia ndani ya kikombe hata mara moja. Na siku ya mwisho nilikibandua kishikizi saa kumi jioni. Mwezi uliandama saa mbili baadaye. Kondoa nzima ilipiga kelele, hata mimi Mkristo wa Sumbawanga nilitoka nje kuuona. Kishikizi kilikuwa kwenye droo.

"Mwenye sukari na figo kama zako," nikasema, "ungeweza kufa ukiwa umelala mchana. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Shehe wako alikwambia ufunge?"

"Shehe alinikataza. Nimefunga miaka hamsini na nne, Sista. Nikaona nikila mchana ndiyo nimekubali kwamba nimekuwa mgonjwa." Alisema hivyo bila kujitetea. Kisha, ndiyo tabia yake ilivyo, akawasha kioo kidogo, akaangalia michoro. "Sasa niambie. Kasoro hii imeegemea upande gani?"

Tukakaa kuitafuta pamoja, na nikiri kwamba hasira ilinitoka bila mimi kujua, maana swali lenyewe lilikuwa tamu. Mashine yetu haijui Ramadhani. Iliyemwona ni mtu anayekula alfajiri na magharibi, ikadhani ndivyo alivyoumbwa, ikazirudia siku zile thelathini mara sitini na zaidi. Na kivuli kinapoulizwa, lazima kiupe mwili wake sababu. Kilikuwa kimesikia nyumbani habari za daku na futari, kikajitungia kwamba mwezi haujaandama.

Basi fikiria. Mtu wa mashine amelazwa Dodoma saa nne asubuhi, anachujwa, hajala tangu alfajiri. Lazima sukari ianguke! Zile mara ishirini na sita nyingi zilikuwa za njaa. Na mtu wa tumbo, yule mwenye uso uliojaa, maji yake yana sukari, lakini mchana kutwa haongezi chakula juu yake, kwa hiyo vipimo vyake vinapendeza. Mtu anayekula mchana kama watu wote, sukari ya maji ikikutana na ya wali, hali ingekuwa nyingine.

"Kwa hiyo mashine imeonewa," akasema Fundi, "na tumbo limependelewa."

"Ndiyo."

"Kwa kiasi gani?"

"Hatujui. Hatujui hata kama mwishowe tumbo lisingeshinda. Labda lingeshinda. Ila hatujui."

Akafunga daftari. Nikajua anachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria. Kamati ni keshokutwa. Hakuna atakayekiuliza kivuli habari za kiatu na daku. Nikinyamaza, anapata tumbo analolitaka, anarudi minadani. Nikisema, vivuli vinafutwa, na kupima upya ni siku thelathini ambazo figo zake hazina. Na mimi ninaandikiwa barua, maana niliyeandika hafungi ni mimi.

"Je, ni lazima useme?" akauliza. Hakuniangalia.

"Sijui, Mzee."

Ni kweli sikujua. Alikuwa mgonjwa wangu, nilimpenda, na uongo wenyewe ulikuwa umeshajisema bila mimi kufungua mdomo.

Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha kujicheka. "Kuna mwaka nilikuwa Bereko," akasema. "Mama mmoja ana ufuta, magunia manne. Mizani ya mnunuzi ilikuwa inazidisha. Inamzidishia yule mama, si mnunuzi. Gunia la themanini inasoma themanini na tano. Mnunuzi mwenyewe hajui. Yule mama akaniona nimeinama kuangalia, akajua nimejua. Alinitazama, Sista! Ana watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja pembeni."

"Ukafanyaje?"

"Nikaifunga. Nikapiga lakiri. Akanitukana hadi nikatoka mnadani. Nilikuwa kijana, nilijiona mwenye haki sana." Akainuka, akakusanya daftari na miwani yake. "Mpigie daktari. Usije ukaniachia nikaanza kufikiri."

*

Daktari Lembris alifoka kwenye simu kwa muda ambao ningeweza kupika wali. Alipomaliza kunifokea mimi alianza kumfokea Fundi, kisha akaifokea mashine, halafu akatulia. Yeye ni mtu wa hivyo, akimaliza kufoka ndiyo anafaa.

"Vivuli vitafutwa kesho saa sita mchana," akasema. "Kikao cha tatu ni haki yake, mpe. Halafu achague bila kivuli."

"Achagueje, Daktari?"

"Kama walivyochagua baba zetu. Kwa kuulizana. Sista, mimi nimesoma tafiti zote za watu wenye kisukari na figo zilizokufa, na hakuna hata moja iliyoniambia kwa uhakika kwamba njia hii inaipita ile. Mashine inauchosha moyo na inataka mishipa mizuri. Tumbo ni laini kwa moyo, lakini lina sukari yake na uchafu wake, na linataka mikono safi mara nne kwa siku. Atakachochagua nitasaini. Ila achague kwa macho yake mwenyewe."

Kwa macho yake, nikafikiri, yale ya miwani mbili.

Siku ya pili Fundi Swedi alikuja na mkewe. Nilikuwa sijawahi kukaa na Bi Mwajabu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa wima kitini, mkoba mapajani, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha bluu. Nilitegemea mtu mkimya. Nilitegemea hivyo kwa sababu katika vikao viwili vivuli havikuwa vimemtaja kabisa, na hilo nalo sikulijua hadi baadaye kidogo.

"Vitafutwa saa sita," nikawaambia. "Sasa hivi ni saa tano na robo."

"Basi tuvitumie," Fundi akasema. "Mizani yenye kasoro bado inajua kitu." Akawasha kivuli cha tumbo, akaufungua ukurasa mpya. "Mwenzangu, habari za huko."

"Salama. Tumefunga."

"Nisikilize. Vidole vyako vina ganzi?"

"Zaidi ya vyako."

"Na macho?"

"La kushoto limekwenda."

"Sasa mifuko unaifungaje? Ukikosea kuunganisha mrija, uchafu unaingia tumboni."

"Siifungi mimi. Anafunga Mwajabu."

"Yote minne?"

"Yote minne. Anaamka saa tisa kupika daku, kisha mfuko wa kwanza. Saa sita wa pili. Saa kumi na mbili anafuturisha, anabadilisha. Saa nne wa mwisho."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Fundi akapiga hesabu kwenye daftari, naye kwa kupiga hesabu hana mpinzani. Mifuko elfu saba na mia tatu. Akaikalia ile namba. Kisha akauliza, "Mwajabu anasemaje?"

"Hasemi kitu," kivuli kikasema. "Ni mtu mkimya."

Bi Mwajabu akacheka. Alicheka kwa nguvu hadi mkoba ukaanguka. "Mkimya! Mimi? Swedi, miaka thelathini na minane, umenisikia nikinyamaza siku ngapi?"

Fundi naye alianza kucheka, halafu akaacha. Nilimwona uso unabadilika, akiitafuta kasoro kama alivyozoea kuitafuta, na akiipata mahali asipopenda.

"Siku thelathini," akasema.

"Ndiyo," akasema Bi Mwajabu, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Ulinikataza kusema. Ulisema Mwajabu, hii ni siri yangu na Mungu wangu. Nikajua nikifungua mdomo hata kukuuliza umeamkaje, maneno yatatoka. Nikanyamaza mwezi mzima. Wewe ukilala mchana mimi nimekaa mlangoni na glasi ya maji ya sukari mkononi, nakuhesabia pumzi. Kila siku! Halafu hicho kifungo chenu," akanigeukia mimi, "kikasikiliza nyumba yangu ilivyokuwa imekufa, kikasema ndiyo Mwajabu huyo."

Nilifungua fomu yake. Sijui kwa nini, labda nilitaka pa kuangalia. Katika kurasa arobaini za vipimo vya Fundi Swedi, habari za Bi Mwajabu zilikuwa mstari mmoja. Msaidizi nyumbani: yupo. Na alama ya vema, mkono wangu. Nikawaonyesha, maana kuficha nilikuwa nimechoka nako.

Fundi akaisoma mara mbili. "Basi nachukua mashine," akasema. "Dodoma mara tatu kwa wiki. Angalau huko watanifunga na kunifungua watu wanaolipwa."

"Ehee! Tayari ameamua!" Bi Mwajabu akapiga kiganja kwenye mkono wa kiti. "Na Dodoma utakwenda na nani, wewe kipofu nusu? Ukirudi umelegea, nani atakupokea kituoni? Swedi, umekagua mizani za nchi nzima, lakini mimi hujanipima hata siku moja. Huniulizi!"

Fundi Swedi alivua miwani zote mbili, akamwangalia mkewe, sijui aliona nini bila miwani.

"Nakuuliza," akasema. "Wewe unaonaje?"

Na akajibiwa. Dakika ishirini nzima akajibiwa, nami nikiandika haraka kiasi kwamba yule jaji mstaafu angeniajiri mahakamani. Bi Mwajabu alitaka tumbo, lakini si la yule kwenye kioo. Mifuko ya mchana hadi usiku ataifunga Fundi mwenyewe. Kipo kishikio cha mbao kinachouongoza mrija hata kwa mtu asiyehisi vidole, nikasema tunacho, akasema basi aanze kujifunza leo. Yeye Bi Mwajabu atafunga wa alfajiri, na mwingine siku akipenda. Siku za mnada Fundi atakwenda na mifuko yake kwenye sanduku, ayaache baadhi ya mawe ya shaba nyumbani. Mkono uunganishwe mshipa mapema, ukomae taratibu, ili tumbo likikataa au Bi Mwajabu akichoka, waende kwenye mashine bila kukimbizana. Na kila baada ya miezi mitatu waje hapa, yeye aulizwe kwanza.

"Na Ramadhani?" nikauliza.

"Atakula," akasema Bi Mwajabu. "Mbele yangu. Nione anameza."

Fundi Swedi akainamisha kichwa. "Nitakula," akasema, na niliona lilivyomgharimu, machozi yakamtoka kabisa, na hakuyaficha.

Ilikuwa imebaki robo saa. Nikaanza na kivuli cha mashine. Fundi alikiaga kwa heshima, akakiambia pole kwa zile mara ishirini na sita, hazikuwa zako zote. Nikabonyeza, kikaondoka. Kisha akageukia kile cha tumbo, kilichokuwa kimekaa muda wote kikisubiri kuulizwa.

"Mwenzangu, mwezi umeandama," akakiambia.

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Ni sisi tuliochelewa kukuambia. Fungua, ule."

Kivuli kikashusha pumzi. Sijui wanaotengeneza mashine hizi walivifundisha vivuli kushusha pumzi, au kilijifunza kwa Fundi. "Alhamdulillahi," kikasema. "Ulikuwa mrefu." Halafu kwa udadisi ule ule wa mwenyewe kikauliza, "Umechagua nini?"

"Tumbo."

"Kwa sababu yangu?"

"Hapana. Wewe una kasoro, na mimi ndiye niliyeitia. Nimemuuliza Mwajabu."

"Mimi sikumuuliza," kikasema. "Miaka mitano. Nilidhani ni mkimya tu."

Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe. Bi Mwajabu akaniwekea mkono wake juu ya mkono wangu, si kwa nguvu, akausogeza pembeni. Akavuta kiti chake hadi magoti yakagusa meza.

"Niulize sasa," akakiambia.

"Mwajabu," kivuli kikasema, "umechoka?"

"Sana," akasema. "Ngoja nikwambie."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Nikamshika Fundi Swedi mkono, tukatoka nje sote wawili, nikawafungia mlango.